Barabara Kuu Ikipita Sebuleni

  

Leo nina jambo dogo la kuzungumza nanyi: kuvuka barabara. Utasema huyu leo kaishiwa maneno, maana hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kukiwa shwari vuka. Sote tuliimbishwa hivyo, tumepanga mstari, shingo zinageuka huku na huku.

Haya. Uchukue wimbo huo uende nao Mwanjelwa, jijini Mbeya, saa kumi na moja jioni.

Juzi nilisimama pale, upande wa sokoni. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja, beseni la parachichi kichwani, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Anataka kwenda ng'ambo. Akatazama kulia: lori lenye namba za Kongo, nyuma yake jingine, nyuma yake tangi la mafuta. Akatazama kushoto: kosta inachomoka kituoni, konda bado ananing'inia mlangoni anaita "Uyole, Uyole, Uyole!" Akatazama tena kulia: bodaboda inakuja kwa upande usio wake. Shwari haikuwepo. Akapiga hatua mbili, akarudi. Akapiga tatu, akarudi. Mara ya nne akajitosa, akafika katikati, akasimama juu ya mstari. Lori mbele yake, lori nyuma yake, upepo wa matairi unapeperusha kitenge, na yeye shingo imenyooka kama mlingoti kwa sababu ya lile beseni. Pale katikati hata kugeuza kichwa kutazama hawezi. Ndipo kijana mmoja wa bajaji akafunga breki, akatoa mkono nje kuwazuia walio nyuma yake, na mama akapita kwa zile mbio za mtu mwenye mzigo, mbio za magoti. Alipofika ng'ambo akacheka. Alicheka, ndugu zangu, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Nikajiuliza: Mbeya ni jiji tangu 2005, sensa ya 2022 imekuta lina watu zaidi ya laki 5. Inakuwaje mtu wake avuke barabara kwa hisani ya dereva wa bajaji?

Kupata jibu inabidi turudi nyuma kidogo. Mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927, enzi za Waingereza, watu walipokuwa wanaikimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Ukakaa juu, miguuni pa mlima Loleza. Barabara ya lami tunayoijua leo, ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, ilikuja baadaye kabisa, na ilikuja kwa sababu za mbali. Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wao kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia, iliyozoea kupitishia mizigo yake kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ikabidi mafuta yasafirishwe kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwenye njia ya vumbi na matope iliyomeza magari na madereva wake. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA, ikafuata lami, ikafuata reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Kwa hiyo barabara ile ina kusudi la kuzaliwa kwake: mafuta yapande, shaba ishuke. Mama wa parachichi hakuwemo kwenye hesabu.

Lakini lami huvuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi. Mwenye kibanda cha chai akasogea. Fundi wa matairi akasogea. Soko likaja, stendi ikaja, gereji zikaja, shule zikaja. Mji ulioanzia mlimani ukashuka bondeni ukaikalia barabara, kutoka Uyole, Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, mpaka Iyunga na kuendelea kule Mbalizi. Leo ukiuliza kitovu cha Mbeya kiko wapi, watu wachache watakuonyesha Uhindini, kwenye mji wa zamani. Wengi watakuonyesha kando ya lami.

Sasa pandeni nami basi, twende Iringa tukalinganishe.

Iringa nayo ni mji wa mlimani. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Wajerumani waliujenga pale juu mwishoni mwa karne ya 19, baada ya vita vyao na Mkwawa. Barabara hiyo hiyo ya kwenda Zambia ilipofika Iringa ilikuta kilima kikali, ikapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Ndiyo maana msafiri wa usiku kutoka Dar kwenda Mbeya anaweza kupita Iringa asiuone mji. Anaona taa juu kilimani, anauliza, anaambiwa ndiyo Iringa hiyo, analala tena. Na mtoto wa Gangilonga au Makorongoni anapokwenda shule anakutana na magari, ndiyo, anakutana na bajaji na bodaboda, lakini hakutani na tangi la mafuta linalowahi Lubumbashi.

Nisieleweke kwamba Iringa walikuwa na mipango bora kuliko Mbeya. Iringa walipangiwa na mlima. Mbeya hawakuwa na mlima wa kuwatenga na barabara, wala mtu wa kuwazuia.

Hapo ndipo lilipo jambo langu la leo. Barabara kuu ni kitu kimoja, mtaa ni kitu kingine. Barabara kuu kazi yake ni kupitisha: anayepita hana shida na wewe, anataka afike Tunduma kabla foleni ya mpakani haijarefuka. Mtaa kazi yake ni kukaa: watu wanasimama, wanasalimiana, wanauza, wanavuka, wanarudi kuchukua chenji waliyosahau. Hakuna mtu anayepitisha njia ya ng'ombe sebuleni kwake. Lakini sebule ikijengwa juu ya njia ya ng'ombe iliyokuwepo, tutawalaumu ng'ombe? Na waliokaa sebuleni tutawaambia waache kukaa?

Sasa tuna dawa mpya. Serikali kupitia TANROADS inapanua barabara yetu iwe ya njia nne, kutoka Nsalaga pale Uyole hadi Songwe uwanja wa ndege, kilomita 29. Ni jambo jema na mimi ni wa kwanza kulishangilia. Aliyewahi kukaa kwenye daladala saa nzima kutoka Uyole mpaka Kabwe hahitaji kuelezwa faida yake. Mgonjwa atafika hospitali mapema, nyanya hazitaoza njiani. Hata hivyo, naomba tufanye hesabu moja pamoja. Ni ya darasa la tano, msiogope.

Njia moja ya gari ina upana wa kama mita tatu na nusu. Barabara ya zamani ya njia mbili ni mita 7. Mama wa parachichi, na mzigo wake, anatembea kama mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo alihitaji sekunde 7. Lori linalofuata sheria, kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, linakwenda kama mita 14 kwa sekunde. Zidisha. Ili mama avuke salama, lori liwe mbali naye kama mita 100 anapoanza kunyanyua mguu. Haya, sasa mpe njia nne. Upana mita 14, sekunde 14, na lori liwe mbali karibu mita 200. Na kama dereva ameona lami pana, nyororo, akakanyaga mpaka 80, mama atahitaji umbali wa zaidi ya mita 300. Nani kati yenu, akiwa na beseni kichwani na jua la jioni machoni, anaweza kupima mita 300 kwa jicho?

Njia nne, kama hazikupewa kitu kingine, zimemfanyia mama yule mto uwe mpana maradufu na maji yaende kasi zaidi.

Majirani zetu Kenya wameshalisoma somo hili kwa machozi. Barabara kuu ya Thika, kutoka Nairobi, ilizinduliwa Novemba 2012. Barabara ya kisasa, njia nane, fahari ya nchi. Lakini pande zote mbili zilikuwa na makazi, na watu wakaendelea kuvuka kama walivyozoea, wakaendelea kugongwa. Mwisho wake yakawekwa matuta juu ya barabara iliyojengwa kwa fedha nyingi ili magari yakimbie! Huko ndiko unakofika ukimsahau mwenda kwa miguu kwenye mchoro. Hutamkwepa. Atarudi kwenye bajeti, na safari hii amebebwa kwenye machela.

Tunaweza kufanya nini? Kitu cha kwanza ni kisiwa cha katikati: sehemu pana iliyoinuliwa, mtu asimame kwa usalama mtoto wake akiwa mgongoni. Hesabu yetu ya mita 200 inarudi kuwa mita 100, kwa sababu anavuka nusu, anapumua, kisha nusu ya pili. Cha pili, kivuko kiwekwe pale watu wanapovuka. Sisi tuna tabia ya kuchora pundamilia pale inapomfaa mchoraji, halafu tunashangaa watu wanapita kwingine. Fuata nyayo. Panapovukwa panajionyesha penyewe: nyasi zimekufa, mtaro umewekewa ubao, muuza karanga ameweka meza. Cha tatu, karibu na kivuko gari lilazimishwe kupunguza mwendo, kwa tuta au kwa zile rasta zinazotetemesha usukani, kwa sababu kibao peke yake ni pambo. Na daraja la juu la waenda kwa miguu? Panapostahili lijengwe, ila tukumbuke ngazi ni adui wa mwenye gunia la viazi, wa mzee mwenye magoti mabovu na wa mwenye kiti cha magurudumu. Ukimjengea mtu daraja asiloweza kulipanda, atapita chini yake.

Mbeya ina jambo jingine ambalo miji ya tambarare haina: miteremko. Wenyeji mnaijua: Mlima Nyoka, Igawilo, Iwambi. Julai 2018 lori lilishindwa kusimama eneo la Igawilo likayasomba magari mengine. Juni 2024 jingine likashuka hivyo hivyo eneo la Simike. Mara zote mbili tulizika watu zaidi ya 10. Na kila mara taarifa tunayosomewa ni ile ile, breki zilifeli, uchunguzi unaendelea.

Nimekaa na madereva wa malori kwenye vijiwe vya chai, na wao wana maelezo marefu kuliko hayo. Ukishuka mlima mrefu na tani 30 mgongoni, gari linatakiwa lishuke kwa gia nzito, injini yenyewe ilizuie. Anayeshuka kwa gia nyepesi, au anayeliachia frii ili aokoe mafuta, anabaki na breki peke yake. Breki zikikanyagwa muda mrefu zinachemka, zikichemka hazishiki tena. Unasikia harufu ya kuungua kabla hujaona moshi. Anaanza kukanyaga-kanyaga, upepo wa breki unaisha kwenye mitungi, na hapo, kwa maneno ya dereva mmoja, "unabaki na usukani na Mungu." Mbele yako, chini ya mlima, kuna nini? Kuna kituo cha daladala, kijiwe cha bodaboda na mama anayechoma mahindi.

Uzembe upo, na dereva mzembe ashughulikiwe. Lakini breki zikifeli mara moja, tatizo ni gari. Zikifeli mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, kwa madereva wasiofahamiana, tatizo lina anwani. Mlima mrefu unahitaji sehemu ya juu ambapo kila lori litasimama lazima, dereva apime upepo, breki zipoe, gia nzito iingizwe kabla ya kushuka. Unahitaji njia ya pembeni ya kukimbilia lori lililoishiwa breki, iliyojazwa kokoto nyingi, inayopanda badala ya kushuka, ili lizame humo lisimame kabla halijafika sokoni. Zaidi ya yote, chini ya mteremko pasiwekwe kituo wala gulio. Kazi hiyo mhandisi wa barabara hawezi peke yake. Anayegawa viwanja, anayepanga vituo na anayekusanya ushuru wa soko, wote wanahusika.

Mchepuo wa malori nao tusiusahau. Barabara ya Uyole hadi Songwe inayozunguka nje ya jiji, takriban kilomita 49, imekuwa ikitajwa kwenye bajeti za Wizara ya Ujenzi. Itakapojengwa, tangi la Lubumbashi halitakuwa na sababu ya kupita Mwanjelwa. Ila natoa tahadhari kwa kinywa kipana: siku mchepuo huo ukifunguliwa, yule mwenye kibanda cha chai ataanza kuutazama kwa jicho la upendo. Tusipoulinda, baada ya miaka 20 mtaniita tena hapa kuzungumzia mchepuo wa mchepuo.

Na hapo nageukia Iringa, msije mkadhani mmepona. Mlima uliwalinda, lakini sasa mnashuka wenyewe. Ipogolo imechangamka, ni mji ndani ya mji. Stendi kuu ya mabasi imehamia Igumbilo, kando ya barabara kuu, na kila stendi ina wajukuu: nyumba za wageni, migahawa, vijiwe vya bajaji, maduka ya simu. Kule Ilula mmeshaona matenga ya nyanya yalivyoisogelea lami, na basi likisimama vijana hukimbilia madirisha bila kutazama kulia wala kushoto, kwa sababu mteja ndiye anayetazamwa. Upande wa juu, lami ya kwenda Dodoma imeleta malori ambayo zamani hayakupita Kihesa, wanakovuka wanafunzi. Mji wenu una watu kama laki 2. Bado mnaweza kupanga. Mbeya ilipokuwa na laki 2 hakuna aliyeona haraka.

Kuna faraja moja. Usalama mwingi ni wa bei nafuu. Kule Dar es Salaam shirika la Amend lilianza mradi wa SARSAI wa kukagua njia za watoto kwenda shule na kurekebisha panapoua. Hawakujenga madaraja ya mabilioni. Walijenga tuta hapa, njia ya miguu pale, nguzo fupi za kuzuia pikipiki, na penye ulazima walihamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari likafunguka uchochoroni. Geti tu! Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya WRI, mbele ya miradi kutoka kila pembe ya dunia. Kama hilo limewezekana Dar, litashindikanaje Ilomba ya Mbeya au Kihesa ya Iringa?

Na nafasi tunayo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Watu wa Mbeya hawana haja ya kuisoma sheria hiyo, wanaijua kwa alama nyekundu ya X ukutani. Basi wale waliowekewa X wakisogea, ardhi waliyoiacha isigeuke yote kuwa lami. Itolewe njia ya miguu iliyonyooka, yenye mfuniko juu ya mtaro, na sehemu ya bajaji kusimama bila kuziba wengine. Mwenda kwa miguu anayesukumwa barabarani na meza ya mitumba na bodaboda iliyoegeshwa naye ni ajali inayosubiri saa yake.

Kila mwaka tunafanya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, stika zinabandikwa kwenye vioo, hotuba zinatolewa, dereva anaambiwa awe makini na mtoto anaambiwa awe makini. Sina ugomvi na stika. Ninachosema ni kwamba binadamu atakosea. Dereva atapiga mwayo, mtoto atakimbilia mpira, mama ataona lori liko mbali kumbe liko karibu. Barabara iliyopangwa vizuri inamsamehe aliyekosea mara moja. Ile mbaya inataka kila mtu asikosee kamwe, kila siku, maisha yake yote.

Kuna kazi moja tunaipenda sana, kuhesabu magari. Mtu anakalishwa kwenye kiti na karatasi: malori mangapi, mabasi mangapi, magari madogo mangapi, na upana wa barabara unapangwa kwa hesabu hiyo. Ombi langu kwa wenye mamlaka, na kwenu wenyeviti wa mitaa, ni hili: mwekeeni kiti mtu wa pili, ahesabu miguu. Wangapi wanavuka Kabwe asubuhi, wangapi Mafiati, wangapi Ipogolo, na wanavukia wapi hasa. Kisha mchoro wa barabara ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa, mama wa parachichi aoneshwe kwa kidole: wewe utapita hapa. Akisema hapa sipiti, mwulizeni kwa nini. Jibu lake halina gharama, na mjini hapa hakuna anayeijua barabara ile kuliko yeye.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Wakati nazungumza nanyi, kuna mahali kifusi bado hakijashindiliwa na zege la kingo halijamwagwa. Kusogeza kivuko mita 40 leo ni kusogeza mstari kwenye karatasi. Baada ya uzinduzi, itakuwa kuvunja zege na kuomba bajeti.

Nilimuuliza yule mama alipokuwa anashusha beseni lake ng'ambo ya pili: "Mama, na kurudi je?" Akajifuta jasho, akaitazama barabara, akaniambia, "Mwanangu, kurudi nitasubiri giza. Gizani taa zao naziona, zinaniambia wako mbali au wako karibu."

 Jioni hii mkivuka, vukeni salama.